Milisekunde 150

Mara ya mwisho niliahidi kuwaonyesha jinsi ya kufufua kipakatalishi cha zamani kwa Linux, na ahadi ni deni, nitalilipa. Lakini kuna jambo jingine limenikaa kooni tangu mwaka 2022, na kila nikikaa chini kuandika kitu kingine linanirudia. Linahusu mstari mmoja wa msimbo. (Nasema msimbo, sisemi kodi. Mambo ya kodi tuwaachie KRA.)

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi huandika programu, na ninaishi Malava, kaunti ya Kakamega, kwenye ile barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye. Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya duka la mbolea. Dirishani naona trekta za miwa zikipita na matela yake, na watoto wakizikimbilia kuchomoa muwa mmoja mmoja. Ng'ambo kuna msitu wa Malava na kima wake wasio na adabu. Mvua ikinyesha alasiri, na huku hunyesha kwelikweli, stima huondoka bila kuaga. Pengine ndiyo sababu nikajikuta katika kazi ya vifaa vidogo vinavyotumia betri, ambako kila tone la umeme linahesabiwa.

Sehemu ninayoshughulika nayo zaidi ni draiva. Draiva ni ule msimbo unaoongea na chuma chenyewe. Programu ya juu husema tu "nipe halijoto". Draiva ndiyo inayojua kwamba ili kuipata hiyo halijoto ni lazima uvute waya fulani chini kwa mikrosekunde 480, uuachilie, usikilize kama kuna anayeitikia, kisha uanze kutuma biti moja baada ya nyingine. Ukikosea kwenye ukurasa wa tovuti, picha inakaa upande na watu wanacheka. Ukikosea kwenye draiva, mara nyingi hakuna anayecheka kwa sababu hakuna anayejua. Namba inatoka, inaonekana kama namba, na maisha yanaendelea.

Mradi wetu ni mdogo: mimi, mwenzangu mmoja aliye Kitale, na wanafunzi wawili watatu wa vyuo ambao hututumia viraka wakipata nafasi. Kiraka, kwa asiyejua, ni badiliko dogo la msimbo linalotumwa likaguliwe kabla halijaingizwa. Kazi ya kukagua huniangukia mimi. Na katika viraka vyote, vile vinavyonitia uvivu wa kufikiri ni vya kuongeza ufanisi. Mtu akileta kitu kipya utamhoji. Akisema amerekebisha kosa utataka kuliona hilo kosa. Lakini akisema "nimefanya iende haraka kidogo", nani atakataa? Unaona mistari miwili imefutwa, unafurahi, unapitisha.

Mistari inayofutwa ndiyo ya kuogopwa. Kwenye draiva kuna mistari mingi ambayo mtu mwenye akili timamu akiitazama ataiona haina kazi. Mfano mmoja unaojulikana sana: draiva ya kadi ya PCI huandika amri kwenye rejista ya kadi, halafu papo hapo inasoma rejista ileile na kulitupa jibu. Kijana mwerevu atasema, hii ya nini? Kusoma kutoka kwenye kadi ni kazi ghali, kichakato kinasimama kungoja jibu lirudi. Tufute! Kumbe zile amri za kuandika haziendi moja kwa moja hadi kwenye kadi. Zinaweza kukaa njiani, na ule usomaji "usio na kazi" ndio unaozisukuma zifike. Ukiufuta, mashine yako itafanya kazi vizuri mezani kwa miezi, halafu siku moja kwa mteja fulani amri itafika ikiwa imechelewa. Haya nilikuwa nayajua vizuri. Nilikuwa hata nimeyafundisha. Sikilizeni sasa.

Mwaka 2021 tulitengeneza kifaa cha kuchunga friji ya chanjo katika zahanati moja ya huku kwetu. Sitaitaja jina. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na watu wengi hudhani adui ni joto peke yake. Joto ni adui, ndiyo, lakini lina mashahidi: chupa nyingi za chanjo zina alama ndogo inayobadilika rangi kadiri chupa inavyopata joto. Baridi ya kugandisha haina shahidi wa namna hiyo. Chanjo kama ile ya pentavalent, wanayopewa watoto wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ikiganda inaharibika, na ikishayeyuka alama ya chupa itakuambia kila kitu ni salama.

Kifaa chenyewe kilikuwa cha bei nafuu. Maikrokontrola ya ATmega328P, kihisi cha halijoto cha DS18B20 ndani ya bomba dogo la chuma, moduli ya GSM ya kutuma ujumbe mfupi, betri moja na paneli ndogo ya jua. Kinaamka kila dakika 10, kinapima, kinaandika, kinalala. Asubuhi na jioni kinamtumia muuguzi halijoto ya wakati huo. Halijoto ikitoka nje ya mipaka kinatuma ujumbe papo hapo. Draiva ya kihisi niliiandika mimi.

DS18B20 ni kihisi kizuri na kimejaa kila mahali, lakini kina tabia mbili za kuzijua. Ya kwanza: ukikiagiza kipime, hakikupi jibu hapo hapo. Kinahitaji muda, na karatasi ya maelezo ya mtengenezaji inasema kwa usahihi wa biti 12 muda huo unaweza kufika milisekunde 750. Ukipunguza usahihi hadi biti 9, ni milisekunde 93.75 tu. Ya pili: kikiwashwa, kabla hakijapima chochote, rejista yake ya halijoto huwa na namba iliyowekwa tayari, nayo ni nyuzi 85. Ukisoma kabla hakijamaliza kupima kwa mara ya kwanza, utapewa 85. Na hata ule ujumbe wa kuhakiki baiti, ile CRC, utakuwa sahihi kabisa, maana kihisi hakijakosea kutuma. Kimetuma kile kilicho nacho.

Draiva yangu ya kwanza ilikuwa inafanya hivi: inawasha kihisi, inaagiza kipimo, inasubiri milisekunde 750, inasoma, inakizima kihisi. Kwa nini kukizima? Ili kuokoa betri. Niliona ni busara.

Kisha, mwishoni mwa mwaka 2021, waya mmoja ulikuwa umelegea na tukaanza kupata 85 mara moja moja. Ujumbe wa dharura ulimwamsha muuguzi usiku mara mbili bure. Nikaongeza mistari mitatu: ukiona 85, itupe, tumia kipimo kilichotangulia. Friji ya chanjo haiwezi kufika nyuzi 85, sivyo? Nikajipongeza.

Halafu Machi 2022 kikaja kiraka. Kilitoka kwa kijana mmoja wa upande wa Butali, mwanafunzi, mwenye bidii kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Kilibadilisha namba moja tu: 750 ikawa 600. Ujumbe wake ulisema kwamba amepima vihisi vitatu na vyote vinamaliza kabla ya milisekunde 580, kwa hiyo hakuna haja ya maikrokontrola kukaa macho milisekunde 150 zaidi kila mara. Hoja safi, na vipimo alikuwa navyo. Nakumbuka ilikuwa jioni, stima imepotea, kipakatalishi kina asilimia 11 ya betri. Nilikisoma kiraka kwa dakika nne hivi. Nikaandika "Safi sana, imepita", nikafunga mashine, nikaenda kula.

Mwezi Juni, siku ya Jumanne asubuhi, simu ikalia. Alikuwa yule muuguzi. Ni mama wa makamo, ananiita mwanangu na mimi namwita Sista kama kila mtu hapa.

"Mwanangu, mashine yako imenitumia nne na nusu. Kipimajoto changu kinasema chini ya sifuri. Nani kati yao anadanganya?"

Nitawaambieni nilichomjibu, ingawa ningependa kukificha. Nilimwambia, "Sista, huenda hicho kipimajoto kimezeeka. Angalia tena baada ya saa moja."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa baba," kwa ile sauti ambayo mama humwambia mtoto aliyepotea njia, akakata simu. Hakungoja saa moja. Aliitoa chanjo yote akaiweka kwenye kisanduku cha baridi, na akafanya lile jaribio la mtikiso. Unachukua chupa moja ya chanjo ya aina ileile, unaigandisha makusudi, unaiacha iyeyuke, halafu unaitikisa pamoja na ile unayoishuku na kuziweka mezani utazame mashapo. Ile unayoishuku ikituama kwa kasi sawa na iliyogandishwa, au kwa kasi zaidi, basi nayo iliganda. Chupa tisa zilishindwa. Kitufe cha friji cha kudhibiti baridi kilikuwa kimeharibika tangu Jumapili. Akina mama waliokuja na watoto wao Jumanne hiyo, wengine kwa miguu kutoka mbali kwenye mashamba ya miwa, waliambiwa warudi Alhamisi.

Yule mama amekuwa akiandika halijoto kwa kalamu, asubuhi na jioni, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, kwa miaka mingi kabla mimi sijajua maikrokontrola ni nini. Nilipokileta kifaa nilimwambia sasa ataweza kupumzika na hiyo karatasi. Bahati nzuri hakunisikiliza.

Nilichukua kifaa nikaja nacho nyumbani. Nikakipangia kipime kila sekunde 10 badala ya dakika 10, nikatumbukiza kihisi kwenye kikombe cha maji yenye barafu. Namba zikashuka vizuri: 21, 13, 8, 5.5, 4.6. Zikasimama hapo. 4.6, 4.6, 4.6. Nikangoja, nikanywa chai, nikarudi: 4.6. Nikashika kihisi mkononi, baada ya muda kikaanza kupanda kama kawaida. Nikakirudisha barafuni, kikashuka hadi 4 na ushee, kikasimama. Jamani, nywele zilinisimama. Kifaa cha kuchunga baridi kinafanya kazi kila mahali isipokuwa kwenye baridi.

Nilipochapisha zile baiti tisa ghafi zinazotoka kwenye kihisi, kila mara kilipokwama zilikuwa ni hizi: 50 05 4B 46 7F FF 0C 10 1C. Baiti mbili za kwanza zikigeuzwa ni 0550 ya heksadesimali, yaani 1360, gawanya kwa 16 upate 85. Basi kumbe! Kihisi kilikuwa hakijamaliza kupima. Draiva ilikuwa inakisoma mapema, inapata 85, ule mtego wangu wa mwaka 2021 unaitupa 85 na kurudisha namba nzuri ya mwisho. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nakizima kihisi baada ya kila kipimo, kila kipimo kilikuwa ni cha kwanza baada ya kuwashwa.

Nikapima muda wa kihisi hicho. Mkononi kilimaliza kwa milisekunde 560 hivi. Kwenye barafu, 610. Kilikuwa cha kundi jingine tofauti na vile vitatu vya yule kijana. Nilikinunua mwenyewe kwenye duka la elektroniki, wala sidhani kilitoka kwa mtengenezaji ambaye jina lake liko mgongoni mwake. Vihisi vya kuiga viko vingi na kila kimoja kina mwendo wake. Lakini hata 610 iko ndani ya 750. Mtengenezaji aliahidi milisekunde 750, na kihisi kilitimiza ahadi. Sisi ndio tuliosoma "isizidi 750" tukaifanya "kwa kawaida ni 580". Vile vitatu vilipimwa mezani, kwenye joto la chumba cha mwanafunzi, adhuhuri. Na hilo ndilo swali ambalo mkaguzi alipaswa kuuliza, kwa maneno mawili tu: umepimia wapi? Sikuuliza.

Sasa njooni tupige hesabu, maana hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Maikrokontrola ikiwa macho ilikuwa inatumia kama milliampia 4. Vipimo ni 144 kwa siku. Kusubiri milisekunde 750 kila mara kunakula milliampia-saa 0.12 kwa siku, karibu 44 kwa mwaka mzima. Kiraka kiliokoa sehemu moja ya tano ya hizo, yaani kama 9 kwa mwaka. Betri yetu ilikuwa ya 2200, na juu yake kuna paneli ya jua. Tuliokoa chini ya nusu ya asilimia moja kwa mwaka.

Na ule ujanja wangu wa kukizima kihisi? DS18B20 ikiwa imetulia haifanyi kitu, inakunywa chini ya mikroampia 1. Kwa mwaka mzima haifiki hata milliampia-saa 9. Kwa hiyo mimi na yule kijana, kila mmoja kwa wakati wake, tuliokoa kiasi kilekile cha takataka.

Wakati huohuo moduli ya GSM, ambayo hakuna aliyeigusa, ilikuwa inawashwa mara mbili kwa siku, inachukua sekunde 30 hivi kutafuta mtandao, ikila kwa kukadiria milliampia 80 kwa wastani. Hiyo peke yake ni zaidi ya milliampia-saa 1.3 kwa siku, mara kumi na moja ya gharama yote ya kusubiri kihisi. Tulikuwa tunaokota punje sakafuni na gunia limetoboka nyuma yetu. Mbona sikulitazama gunia? Kwa sababu kiraka kilinionyesha punje, na mkaguzi hutazama pale kiraka kinapomwonyesha.

Si kwamba ufanisi kwenye draiva ni upuuzi, msinielewe vibaya. Mwaka 2001 Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov waliwasilisha kazi yao kuhusu draiva za kadi za mtandao kwenye Linux, mbinu ambayo leo tunaijua kwa jina la NAPI. (Jina la Jamal Hadi Salim ukilitaja Mombasa hakuna atakayegeuza shingo, nami nilipoliona mara ya kwanza kwenye msimbo wa kerneli nilitabasamu peke yangu.) Tatizo lilikuwa hivi. Kila pakiti ikifika, kadi humkatiza kichakato: "nimepata pakiti!" Pakiti zikiwa nyingi mno, kichakato kinashinda kikikatizwa tu na hakipati nafasi ya kuzishughulikia. Fikiria karani wa mizani ya miwa ambaye kila trekta ikifika langoni inapiga honi, naye anaacha kalamu, anatoka, anaitazama, anarudi, anakaa, honi nyingine. Ndani ya saa moja hajapima hata tani moja. NAPI inamwambia karani: honi ya kwanza ikilia, toka nje, zuia honi nyingine zote, zipitishe trekta moja moja mpaka foleni iishe, ndipo urudi ukae na kuruhusu honi tena. Hilo lilibadilisha kweli uwezo wa mashine kuhimili mzigo. Tofauti ni kwamba wale watu walitafuta kwanza muda unapotelea wapi, ndipo wakagusa msimbo.

Kisa changu cha 85 nacho si kipya, na hilo halinipi faraja. Draiva ya Linux ya vihisi hivihivi inaitwa w1_therm. Mwaka 2020 iliongezewa mambo ambayo ningeyasoma mapema ningepona. Inaweza kupangiwa muda wa kusubiri unaolingana na kihisi chako, kwa sababu vihisi vya kuiga vinatofautiana mno. Inaweza kukiulizauliza kihisi kama kimemaliza, badala ya kukisia. Na ina ukaguzi mmoja wa kijanja: ikiona 85, inatazama baiti ya saba kati ya zile tisa. Ikiwa bado ni 0C, namba ile ya kuwashwa, basi hiyo 85 si joto, ni kipimo kilichoshindwa, na draiva inarudisha kosa. Sikieni vizuri, inarudisha kosa. Hairudishi namba ya jana.

Nilichofanya mimi ni kuandika upya kile kipande. Kihisi sasa kina umeme saa zote. Kikishaagizwa kupima, maikrokontrola inalala nusu sekunde, kisha inaamka kila milisekunde 64 kuuliza: umemaliza? Kihisi chenye waya tatu kinaweza kujibu swali hilo: kinatoa 0 kikiwa kazini na 1 kikimaliza. (Ukikiunganisha kwa waya mbili tu, kikinyonya umeme kutoka waya wa data, huwezi kukiuliza, kwa hiyo angalia umeunganisha vipi kabla ya kuniiga.) Ikifika sekunde moja bila jibu, ni kosa. Makosa matatu mfululizo, moduli ya GSM inawashwa na kutuma neno moja: SIJUI. Cha ajabu ni kwamba kwa sababu maikrokontrola sasa inalala inaposubiri, ile gharama ya 44 kwa mwaka imeshuka hadi sehemu ndogo sana, kuliko hata kiraka cha 600 kilivyowahi kuota. Hayo tungeweza kuyafanya tangu siku ya kwanza. Na ujumbe wa kila siku tumeubadilisha, unatumwa asubuhi tu pamoja na kiwango cha juu na cha chini cha usiku. Gunia nalo limezibwa nusu.

Kijana wa Butali nilimpigia simu jioni ileile nilipopata jibu. Aliposikia habari za chupa tisa alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Nikamwambia jina lililo chini ya neno "imepita" ni langu, si lake, na mtego wa 85 ni wangu, na kuzima kihisi ni kwangu. Alisema "sawa mwalimu", lakini miezi mingi ikapita bila kututumia chochote. Nilifikiri tumempoteza.

Kwa Sista nilienda mwenyewe na kifaa kilichorekebishwa, na nikamwomba radhi kwa lile jibu la simu. Alicheka, akanipa kiti, akaniuliza kama nimekula. Kisha akanionyesha karatasi mpya iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Ilikuwa na safu moja zaidi: asubuhi kipimajoto, asubuhi mashine, jioni kipimajoto. Anazilinganisha. Wiki ya tatu mvua ya mawe ilipiga, maji yakaingia kwenye kiunganishi cha kihisi, na akapokea SIJUI saa nane usiku. Alinipigia saa nane na dakika tano. Sikumwambia aangalie tena baada ya saa moja.

Yule kijana amerudi, tena ameshamaliza chuo. Wiki iliyopita alinitumia kiraka, cha kupunguza ile nusu sekunde ya kulala iwe fupi zaidi kwa usahihi wa biti 11. Ujumbe wake ni mrefu kuliko msimbo mara nne. Amepima vihisi 11 vya makundi matatu, mezani, kwenye maji ya barafu, na ndani ya friji ya jirani, betri ikiwa imejaa na ikiwa inakaribia kwisha. Mwishoni ameandika kwamba akiba yenyewe ni ndogo na hatalalamika nikikikataa.

Nimekaa nacho siku ya pili sasa. Nataka kwanza nipime kihisi cha kumi na mbili, kile kilichotoka zahanati, ambacho sikukitupa. Kiko hapa mezani ndani ya kikombe. Ila stima imepotea tangu saa kumi na barafu inayeyuka, na jirani mwenye friji ya gesi amefunga duka.